Bluetooth inakudanganya foklifti ilipo? Pima muda, achana na nguvu ya mawimbi

Mkuu, umesema Bluetooth inakuonyesha foklifti iko mlangoni kumbe iko kule ndani kabisa. Tatizo ni kwamba unapima nguvu ya mawimbi, na mtu akisimama tu katikati mwili wake unayafyonza, nguvu inashuka, programu inadhani foklifti imeenda mbali. Mimi nimehangaika na hiyo kitu miezi miwili kwenye godauni moja hapa Dar nikaachana nayo.

Nikahamia UWB (ultra-wideband, redio ya masafa mapana sana), inayopima muda wa mawimbi kusafiri. Mawimbi yanakwenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde 1, kwahiyo chipu moja inatuma, ya pili inajibu na kusema imekaa nayo muda gani kabla ya kujibu, unautoa huo muda, kinachobaki unagawa kwa mbili. Hapo huhitaji kuoanisha saa zao, ila saa zikipishana mwendo sehemu 20 tu kwa milioni na jibu likachelewa milisekunde 1, tayari umekosea kama mita 3! Ndo maana inabidi chipu ya kwanza itume tena mara ya pili, hesabu ya kwenda na kurudi ifanyike pande zote mbili, lile kosa karibu lote linaondoka.

Siku ya kwanza nimenyoosha futi kamba, mita 5 kamili, laptop inasoma mita 150 na kitu. Nikajua chipu mbovu. Kumbe muda ambao mawimbi yanapita ndani ya saketi na antena nao ulikuwa unahesabiwa kama safari, na mimi sikuwa nimeuweka kwenye settingi. Nilipouweka ikarudi mita 5 na sentimita chache, nilifurahi mno aisee.

Kazi kubwa ni rafu za chuma. Njia ya moja kwa moja ikizibwa, yanayofika ni yale yaliyogonga bati kwanza, yamechelewa, umbali unasomeka mrefu kuliko ulivyo. Tulivipandisha vituo vyote vinne, yaani zile chipu zilizofungwa sehemu moja za kupimia umbali hadi foklifti, juu ya rafu ndo foklifti zikaacha kurukaruka kwenye ramani.

Kama kukosea mita 1 au 2 hakukusumbui, Wi-Fi nayo inaweza kupima muda, Android 9 kwenda juu, lakini simu na router zote ziwe zinakubali. Weka hapa urefu wa rafu zako na picha ya paa, tuone vituo vikae wapi.