Maswali ya Wasomaji: Saiti ya Mbele ya Bastola ya Mashindano

SWALI: Mhariri, nina umri wa miaka 48 na kwa miaka mitatu nimekuwa nikishiriki mashindano ya kulenga shabaha katika klabu yetu. Bastola yangu ya milimita 9 ilikuwa na saiti (vilengeo vya juu ya bastola) zenye madoa meupe, na hivi karibuni fundi alinibadilishia ile ya mbele, akaweka yenye uzi wa fiba mwekundu na upana ule ule wa milimita 3.2. Katika mita 7 hadi 10 nimekuwa mwepesi kuliko zamani, lakini katika mita 25 risasi zinapanda, na adhuhuri doa la fiba huwaka hadi nisilione umbo la saiti yenyewe. Je, nihamie kwenye saiti nyeusi tupu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, usiinunue saiti nyingine kabla hujajua ni kwa nini risasi zinapanda, kwa sababu tatizo hilo linaweza kuwa na vyanzo viwili, na kimojawapo hakigharimu hata shilingi.

Chanzo cha kwanza ni jicho. Saiti za bastola hupangwa kwa kingo za juu: ukingo wa juu wa saiti ya mbele husawazishwa na ukingo wa juu wa saiti ya nyuma, na fiba hukaa chini kidogo ya ukingo huo. Mlengaji aliyevutwa na doa linalong'aa huanza, bila kujua, kulipandisha doa lenyewe hadi usawa wa saiti ya nyuma. Mtutu nao huinuka, na kosa ambalo halikuonekana katika mita 7 hujitokeza wazi katika mita 25. Ili kulithibitisha, zima fiba kwa wino mweusi, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, kisha piga risasi tano katika mita 25 ukitazama ukingo wa juu peke yake. Zikirudi katikati, saiti yako haina kosa lolote.

Zikiendelea kupanda, basi saiti mpya ni fupi kuliko ile ya zamani. Saiti ya mbele ikiwa ndefu zaidi risasi hushuka, na ikiwa fupi hupanda. Saiti ya nyuma hufanya kinyume chake. Kipimo hupatikana kwa hesabu nyepesi: zidisha kimo ambacho risasi zimekosea kwa umbali ulio kati ya saiti zako mbili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Tuseme saiti zako zimeachana kwa milimita 165 na risasi zinapiga sentimita 10 juu katika mita 25: milimita 100 mara 165, ukigawanya kwa 25,000, unapata milimita 0.66, na hicho ndicho kimo unachopaswa kuongeza. Wengi hununua saiti kwa kutazama picha yake, kisha hushangaa kwamba sehemu ya milimita inaweza kuwatoa nje ya shabaha.

Sasa upana. Kinachomsaidia mlengaji ni mwanga anaouona kila upande wa saiti ya mbele ndani ya pengo la saiti ya nyuma. Ikiwa pengo lako lina milimita 3.6 na saiti ya mbele iko sentimita 70 kutoka jichoni, saiti ya milimita 3.2 inakuachia takriban milimita 0.75 za mwanga kila upande, ilhali ya milimita 2.5 inakuachia 1.1. Mwanga mwembamba hufichua kosa dogo upesi, lakini katika umri wetu huu (nami sikuachi mbali) ukungu wa jicho huumeza, na pengo lote likaonekana limejaa. Fikiria pia kiasi cha shabaha kinachofichwa: katika mita 25, saiti ya milimita 3.2 hufunika upana wa sentimita 11 na zaidi, ilhali eneo A (lenye alama za juu kabisa) la shabaha ya karatasi ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya bastola ya vitendo, lina upana wa sentimita 15 tu. Kwa mtu anayepiga karibu na mbali katika mashindano yale yale, ningechagua milimita 2.8, ambayo katika vipimo vya wauzaji huandikwa inchi 0.110, tena yenye fiba nyembamba ya milimita 1.

Fiba hunywa mwanga kupitia ubavu wake na kuutoa kwenye ncha, kwa hiyo jua la Nakuru likiwa utosini hupata karamu. Kuifunika sehemu ya ubavu huo kwa wino mweusi huipunguza makali. Watakuambia ununue ya kijani kwa kuwa jicho huiona rangi hiyo kwa urahisi zaidi mchana; ni kweli, ila baada ya mvua za masika, ukuta wa udongo ulio nyuma ya shabaha ukiwa umeota nyasi, nyekundu ndiyo itakayojitenga.

Hata hivyo, huenda miwani ikakufaa kuliko saiti yoyote. Nyoosha mikono kama unavyolenga, mwambie mwenzako apime kutoka jichoni hadi saiti ya mbele, kisha umpelekee daktari wa macho kipimo hicho. Bastola yenyewe ibaki nyumbani chini ya kufuli. Mara nyingi nyongeza ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 0.50 au 0.75 juu ya lenzi ya kuonea mbali hutosha. Kazi ya kung'oa na kuweka saiti apewe fundi wa silaha mwenye leseni.

SWALI: Nalenga shabaha za usahihi katika mita 25 kwa saiti nyeusi tupu. Jua la jioni likinipiga ubavuni, ukingo mmoja hung'aa na risasi huenda kando. Nifanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ukingo unaong'aa hupotea ndani ya weupe wa karatasi, nawe unaiweka katikati sehemu ya saiti iliyobaki kuonekana. Dawa ya wakongwe ni masizi: bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa mbali, pitisha saiti kwa muda mfupi juu ya moshi wa koroboi hadi iwe nyeusi ti, na usiiguse tena kwa kidole. Fiba usiitie, katika mchezo wako doa haliongezi kitu.

SWALI: Je, kitengo cha Production (cha bastola za kawaida za kiwandani) cha IPSC kinaruhusu saiti ya kioo yenye doa la taa?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Hakiruhusu. Saiti hiyo ina kitengo chake, Production Optics.