Vidole vimeacha kuwaka moto: je, mishipa ya fahamu inapona?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala, nipo Morogoro, nina miaka 57. Nina sukari, huu ni mwaka wa nane, natumia metformini asubuhi na jioni. Nikipima asubuhi kabla ya kula huwa inacheza kwenye 11 na 12. Kwa muda mrefu nyayo zote mbili zilikuwa zinawaka usiku kama nimekanyaga makaa, hata shuka likinigusa nashtuka. Miezi ya karibuni vidole vimetulia, haviwaki tena, ila moto umepanda karibu na vifundo. Tena kuna wakati lapa linachomoka njiani nami naendelea kutembea mpaka mtu aniambie. Mwenzangu kazini anasema huo ni uti wa mgongo. Duka la dawa wananipa diklofenaki na vidonge vya vitamini B, na jioni mke wangu hunikanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi. Naomba kujua: ni sukari au ni mgongo? Vidole ndiyo vinapona? Na ipo dawa ya kurudisha mishipa ya fahamu ilivyokuwa?

JIBU: Shikamoo fundi. Nianze na swali la vidole kwa sababu ndilo lenye haraka. Haviponi. Vidole vilivyokuwa vinawaka kisha vikatulia, huku lapa likichomoka bila wewe kujua, vimekufa ganzi. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiumia bado ilikuwa inapeleka taarifa, ingawa za uongo: moto usiokuwepo, sisimizi wasiokuwepo. Sasa ya vidoleni haipeleki kitu. Maumivu ya usiku ndiyo humfikisha mtu hospitali, na ganzi ikija hushukuru Mungu akaacha kwenda. Sisi wa kliniki ya sukari mguu unaotutia hofu ni ule usiouma. Kidonda chenye maumivu mtu hukihangaikia siku hiyohiyo. Kisicho na maumivu hukikanyagia wiki nzima, usaha ukapenya hadi kwenye mfupa, na hapo ndipo mazungumzo ya kukata mguu huanza.

Kuhusu mgongo. Sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza mishipa ya fahamu yenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mirefu kuliko yote ni ile inayotoka kiunoni hadi ncha za vidole vya miguu, nayo ndiyo huathirika kwanza. Kwa hiyo hali hii huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda polepole; ikikaribia magoti, mara nyingi ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi. Mgongo hauendi hivyo. Kwa kawaida hushika mguu mmoja, maumivu hushuka kutoka kiunoni au takoni, na huzidi ukikohoa, ukiinama au ukinyanyua mbao. Maelezo yako yanaelekea kwenye sukari. Ila ukiona mguu unalegea ghafla, au mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, hiyo ni habari nyingine na ni dharura: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hata hivyo daktari wako asiishie kusema "ni sukari" bila kukagua mengine. Pombe, virusi vya Ukimwi, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ugonjwa wa figo, tezi ya shingo na ukoma vyote huleta ganzi miguuni. Na kwako liko jambo moja ambalo nisingependa lipite: metformini. Ni dawa nzuri, wala usiiache, lakini ikitumiwa miaka mingi, hasa kwa dozi kubwa, hupunguza vitamini B12 ambayo utumbo unaifyonza kutoka kwenye chakula. Upungufu wa B12 huleta ganzi na kuchomachoma kunakofanana kabisa na kwa sukari, na tofauti ni kwamba wenyewe unatibika. Omba upimwe B12 na wingi wa damu. Maadam umeshameza vidonge vya vitamini B, mwambie daktari kabla ya kipimo, maana vinaweza kukipandisha. Kisha usiviendeleze kwa mazoea. Vingi ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa ya fahamu. Kama B12 yako ni ya kutosha, vidonge hivyo havikupi kitu.

Leo jioni, badala ya maji ya moto, mke wako akufanyie kipimo hiki. Kilibuniwa Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote. Jilaze bila viatu wala soksi, mkumbushane mguu upi ni wa kulia, kisha ufumbe macho. Yeye aguse ncha ya kidole chako kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asigongegonge, asisugue. Aanze kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidogo cha mwisho cha mguu huohuo, aende kushoto gumba na cha mwisho, amalizie na vya katikati, kulia halafu kushoto. Kila unapohisi sema "kulia" au "kushoto". Usipohisi, asirudie; aandike umekosa. Ukikosa viwili au zaidi kati ya hivyo 6, ganzi yako imefikia kiwango cha kuhatarisha miguu.

Kliniki watapima kwa undani zaidi: uzi wa nailoni wa gramu 10 unaogusishwa kwenye unyayo hadi upinde, chuma chenye umbo la uma kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde na kuwekwa juu ya kidole gumba, kinyundo cha kugonga nyuma ya kifundo, na vidole vya daktari vikitafuta mapigo ya damu miguuni. Mgonjwa wa sukari ya ukubwani, yaani aina ya pili, anatakiwa kupimwa hivyo siku ile anayogundulika, kisha angalau kila mwaka. Mwenye ganzi tayari huonwa mara nyingi zaidi. Kama kwa miaka 8 hujawahi kuambiwa uvue viatu, umekoseshwa sehemu kubwa ya matibabu yako.

Sasa hayo maji ya moto. Naomba myaache kabisa. Najua mke wako anafanya kwa upendo, na najua joto hufariji. Lakini mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuambia maji yamezidi. Utaona malengelenge asubuhi, na lengelenge likipasuka ndio mlango wa donda ndugu. Hata yakiwa ya vuguvugu, kuloweka muda mrefu hulainisha ngozi ikachubuka kirahisi. Osha miguu kama unavyooga, mke apime maji kwa kiwiko, na kausha vizuri katikati ya vidole, hata baada ya udhu kama wewe ni mtu wa swala. Mahujaji wenye kisukari wameungua nyayo Makka kwa kutembea pekupeku juu ya sakafu iliyopigwa jua, bila kuhisi lolote hadi ngozi ilipobanduka. Na hapa kwetu Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu mwaka 2005 juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Panya hutafuna unyayo wa mtu aliyelala, naye haamki. Kwa hiyo nikisema lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, siwazii mbu peke yake.

Kwa kazi yako lapa halifai hata kidogo. Karakana ina misumari, vipande vya mbao, vumbi kali. Vaa kiatu cha kufunika, chenye soli ngumu, kinachoacha nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu, na ukinunue jioni ambapo mguu umevimba kidogo. Usikitegemee kukipima kwa hisia; chora unyayo wako kwenye karatasi, ulinganishe na soli. Kila unapokivaa, kikung'ute na upitishe mkono ndani. Watu wametembea siku nzima na msumari ndani ya kiatu. Na nyumbani pia usitembee peku, hata kwenda msalani usiku.

Jioni, chukua kioo, kiweke sakafuni, tazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Kama macho nayo yana ukungu, mke akuangalizie. Unatafuta lengelenge, mpasuko, wekundu, unyevu, na hasa sugu. Sugu kwenye mguu wenye ganzi ni alama kwamba sehemu hiyo inabeba uzito kupita kiasi, na mara nyingi kidonda kinajengeka chini yake bila kuonekana. Usiikate kwa wembe wala kuipaka dawa kali za kubandua. Apunguze mhudumu anayejua. Ngozi yako huenda imekauka na kupasuka kisigino, kwa sababu mishipa inayoleta jasho nayo imeathirika. Paka vaselini au mafuta ya nazi, ila usipake katikati ya vidole.

Umeuliza dawa ya kurudisha mishipa ya fahamu. Ningependa kukupa jibu tamu, lakini hadi sasa hakuna dawa iliyothibitika kufufua mishipa iliyokwisha kufa kwa sukari. Anayekuuzia chupa yenye ahadi hiyo anachukua fedha yako. Kinachowezekana ni kupunguza kasi ya iliyobaki kuharibika, na hilo si dogo. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini kulipunguza tatizo hili kwa takriban asilimia 60 kwa wenye sukari aina ya kwanza. Kwa aina yako faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, hasa ukiongeza kudhibiti presha na uzito, na kuacha sigara kama unavuta. Kwa watu wengi lengo la asubuhi kabla ya kula ni kati ya 4 na 7. Wewe uko 11 na 12, maana yake metformini peke yake imeshindwa na unahitaji kuongezewa dawa. Ishushwe kwa miezi, kwa mpango. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ikiporomoshwa kwa ghafla huweza kuwasha maumivu makali mapya ya mishipa, na nimeona watu wakiacha insulini kwa kudhani imewadhuru.

Kwa moto wa usiku dawa zipo, na diklofenaki haimo. Maumivu haya hayasikii dawa za aina hiyo, na mwenye sukari akizimeza mfululizo anahatarisha figo. Acha. Zinazosaidia ni kama amitriptilini, duloksetini, pregabalini na gabapentini. Amitriptilini ni ya bei nafuu na hupatikana. Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, ikapandishwa taratibu. Lakini usiinunue mwenyewe: kwa umri wako daktari lazima aulize kwanza habari za moyo, presha ya macho, na tezi dume. Pregabalini na gabapentini hupangiwa dozi kulingana na figo, na huweza kuvimbisha miguu. Karibu zote huleta usingizi au kizunguzungu mwanzoni, na wewe unashika msumeno wa umeme; anza siku ambazo huna kazi ya mashine. Zipe wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu. Maumivu yakipungua kwa theluthi au nusu, ukapata usingizi, hayo ni mafanikio. Tramadoli nisingependa uanze nayo, kwa kuwa huzoeleka mwilini na kuiacha ni taabu. Na kumbuka dawa hizi zinatuliza maumivu tu. Ganzi inabaki palepale, na kioo cha jioni kinabaki palepale.

Yapo ambayo hukuyaandika, na wanaume wengi hawayaandiki. Nguvu za kiume kupungua, kizunguzungu ukisimama ghafla, tumbo kujaa baada ya kula kidogo, mkojo kutokwisha, jasho jingi usoni wakati wa kula: mishipa ileile ya fahamu inayoendesha mwili bila sisi kujua huathirika pia. Hata shambulio la moyo huweza kuja bila maumivu ya kifua, likajionyesha kwa kuhema na kuchoka tu. Mweleze daktari yote. Mengi yana tiba, na presha yako ipimwe ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama.

Mwisho ni hili, kwa sababu hupotea hata mikononi mwa wahudumu. Siku utakayoona mguu mmoja umevimba, umekuwa mwekundu, na ukiushika una joto kuliko wa pili, usisubiri eti kwa kuwa hauumi sana au hauna kidonda. Huenda mifupa ya unyayo inavunjika na kusagika ndani, hali inayoitwa mguu wa Charcot, ambayo mara nyingi hutibiwa kimakosa kama uambukizi au gauti huku mgonjwa akiendelea kuukanyaga hadi unyayo unapoteza umbo. Usiukanyage tena; tafuta mtu wa kukubeba, nenda hospitali siku hiyohiyo, na uulize kuhusu Charcot kwa jina. Vivyo hivyo kwa kidonda chochote unyayoni, hata kidogo. Na kliniki ijayo nenda na viatu unavyovalia kazini pamoja na maboksi ya dawa zote, za duka na za mitishamba, na ukikaa kwenye kiti vua viatu na soksi kabla hujaulizwa.