Kabla hujamtuma mpelelezi kwenye mgahawa wako

Kama unaendesha mgahawa na umewahi kuangalia Mystery Diners, huenda ulipata wazo lile lile lililonijia mimi. Kipindi hicho cha Marekani kilirushwa na Food Network kuanzia 2012 hadi 2016. Mwenye mgahawa anaona hesabu hazifungi, Charles Stiles, mwendesha kipindi, anakuja na watu wake, wanaficha kamera, mmoja anajifanya mteja, mwingine mfanyakazi mpya. Mwenye mali anakaa chumba cha pembeni akitazama kila kitu kwenye skrini, mpaka mkosaji anaitwa na kuumbuliwa. Nusu saa, kesi imekwisha.

Nikaiga. Mgahawa wangu una meza nane, tunauza kuku na chipsi, mchana wali maharage. Kila jioni kuku walikuwa hawatimii. Kuku 20 tukiwakata robo natarajia sahani 80, lakini kaunta inaniandikia 71, siku nyingine 68. Basi nikamtuma mpwa wangu, ambaye wafanyakazi hawamjui, aje ale kama mteja. Akarudi na habari: mhudumu wa meza za nje amepokea hela na kuitia kwenye mfuko wa aproni, kaunta hakwenda.

Kwangu hiyo ilitosha. Jioni ile ile nilimsimamisha yule dada mbele ya wenzake, nikamwambia kesho asije. Hakubishana. Alitoa noti kwenye aproni, akazinyoosha moja moja juu ya kaunta, kisha akaweka kikaratasi alichokuwa anaandika kwa kalamu: meza, kiasi, chenji. Sikukisoma.

Kuku wakaendelea kupungua.

Wiki ya pili nikashinda jikoni tangu saa tano asubuhi. Nikamwona mpishi anaweka robo mbili kwenye sahani moja. Nilipomuuliza, aliniinulia paja moja na koleo: "Mama, hiki nacho nimpe mtu peke yake? Si atakirudisha?" Aliyekuwa akituletea kuku alikuwa ameanza kuleta wadogo kwa bei ile ile, na mimi nilikuwa nahesabu vichwa bila kupima kilo. Na hela za kwenye aproni? Kaunta ilikuwa haina chenji. Kuleta chenji asubuhi ni kazi yangu.

Kipindi cha televisheni lazima kimpate mkosaji kabla muda haujaisha, na mara nyingi ni mfanyakazi. Mgahawa wako hauna haraka hiyo. Anza na stoo: pima kinachoingia, andika kila oda kabla chakula hakijatoka jikoni, kisha linganisha karatasi za oda na mauzo kwa wiki nzima. Shinda jikoni siku mbili, uone upawa unajaa kiasi gani.

Mteja wa siri bado namtumia, ila wafanyakazi wanajua kwamba huwa anakuja, na simwambii tena "kaangalie nani anaiba". Nampa maswali: umesubiri dakika ngapi, chakula kilikuwa cha moto, umepewa bili ya maandishi, chooni kulikuwa na sabuni? Natuma watu wawili, siku tofauti. Mmoja akiona jambo baya, nakaa na mhusika faraghani na kumsikiliza kwanza.

Kamera nazo ziwekwe wazi na watu waambiwe zipo na ni za nini. Chumba cha kubadilishia nguo usiweke kabisa. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mfanyakazi wako ni taarifa zake. Isome kabla hujamlipa fundi.

Yule dada nilimpigia simu. Alishapata kazi kwingine. Nilimwomba apite achukue mshahara wa siku zake, na alipokuja niliwaita wote waliokuwepo jioni ile, nikamwomba radhi mbele yao. Akasema ameshanisamehe, ila kurudi hapana. Kikaratasi chake ninacho mpaka leo kwenye droo ya kaunta. Hesabu yake ilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho.