Chimbuko la ikebana
Umeuliza kama ikebana, sanaa ya Wajapani ya kupanga maua, ilianza kama pambo la nyumbani. Sivyo; chimbuko lake ni maua yaliyotolewa sadaka mbele ya sanamu za Buddha, na katika hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto ndipo watawa wa ukoo wa Ikenobo walipoikuza desturi hiyo hadi ikawa sanaa, kiasi kwamba kumbukumbu ya mwaka 1462 inamtaja mmoja wao, Senkei, kwa ustadi wake wa kupanga maua. Lile bakuli pana lenye kina kifupi la kupangia maua, ambalo wengi hulidhania la kale, lilienea na mtindo wa moribana, yaani maua yaliyorundikwa, mwishoni mwa karne ya 19, mwanzilishi wake Ohara Unshin alipoyapa nafasi maua ya Magharibi yenye mashina mafupi. Kwangu mimi, hayo ndiyo mageuzi makubwa zaidi.