Alijua kazi, ndo maana wakamtoa kwenye kazi

Wiki hii mmeuliza kama hizi nadharia za kejeli kuhusu mabosi wasioweza kazi zina ukweli wowote au ni hasira tu za wafanyakazi. Mi najibu kwamba ile ya Peter ni kweli kabisa na inaumiza watu wazuri, tena inawaumiza wao kabla hata ya kutuumiza sisi tunaowaripotia.

Kwa asiyeijua, Laurence J. Peter alikuwa mwalimu mzaliwa wa Kanada, akaitoa mwaka 1969 akishirikiana na mwandishi Raymond Hull. Anasema ukifanya kazi vizuri unapandishwa cheo, ukifanya vizuri tena unapandishwa tena, mpaka siku unafika kwenye cheo usichokiweza, na hapo ndo unaganda, maana hakuna tena sababu ya kukupandisha na hakuna anayekurudisha chini. Watu walicheka, lakini mwaka 2019 wachumi Benson, Li na Shue walichapisha utafiti wa wauzaji wa kampuni 131 za Marekani na wakakuta jambo hilohilo, yani wauzaji wakali ndo waliokuwa wanapewa umeneja, halafu timu zao zinafanya vibaya kuliko timu za mameneja ambao hawakuwa wanauza sana. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao ndo walikuja kuwa mameneja wazuri, ila hicho kigezo kampuni hazikukipa uzito.

Mi nimefanya kazi na mhasibu ambaye ukimpa karatasi ya mahesabu anapitisha kalamu juu mpaka chini bila kusema kitu, halafu kalamu inasimama kwenye mstari wenye kosa. Wakamfanya mkuu wa kitengo. Kuanzia hapo kila ripoti ya vijana alikuwa anaifungua upya usiku na kuirekebisha mwenyewe bila kumwambia aliyeiandika, kwa hiyo kijana anarudia kosa lilelile mwezi unaofuata na hajui, na maombi ya likizo yanalala mezani kwake kwa sababu hawezi kumwambia mtu mzima hapana. Alikonda yule. Na hakuna aliyemuuliza kama anataka kusimamia watu, barua ilikuja tu, na angeikataa mshahara wake ungebaki palepale mpaka anastaafu. Sasa hapo utamlaumu nani?

Ile nadharia nyingine ya Dilbert, iliyopewa jina la katuni za maisha ya ofisini za mchoraji Scott Adams, ya mwaka 1995, inayodai kampuni zinawapeleka wasioweza kwenye uongozi kwa sababu huko hawaharibu kitu, siikubali. Bosi ndo anayepanga nani afanye nini, anaharibu kuliko mtu yeyote.

Nadharia ya Parkinson, mwanahistoria wa Uingereza, naikubali, tena naona inaungana na ya Peter. Mwaka 1955 aliandika kwamba ofisa akizidiwa hagawani kazi na mwenzake wa cheo kilekile, anaomba wasaidizi wawili chini yake. Akatoa mfano wa jeshi la majini la Uingereza, kwamba kati ya 1914 na 1928 meli kubwa za kivita zilipungua kutoka 62 hadi 20, huku maofisa wa makao makuu wakiongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Mtu aliyefikishwa kwenye cheo kinachomshinda atafanya hivyohivyo, ataomba watu, na hao watu watahitaji vikao na ripoti, na kazi yenyewe iko palepale.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo na sio ngumu. Mtaalamu apandishwe mshahara na heshima akiwa bado fundi, mhasibu mkali alipwe sawa na mkuu wa kitengo bila kupewa watu wa kusimamia. Anayetaka uongozi akaimu kwanza miezi sita, na ikionekana haiwezi arudi kwenye meza yake ya zamani bila mtu kumwandikia kwenye faili kwamba ameshushwa cheo. Na wale atakaowasimamia waulizwe kabla barua haijasainiwa, maana wao ndo wanajua nani huwa anawaelekeza vizuri wakikwama, na kusimamia watu afundishwe kabla hajaanza, sio miaka miwili baadaye kwenye semina ya siku moja.