Barua Imekaa Kaunti Mwezi Mzima, Nifanyeje?

SWALI: Niliandikia serikali ya kaunti nikiomba nakala ya mkataba wa ujenzi wa zahanati yetu na rekodi za malipo ya mkandarasi. Mwezi umepita. Kila nikienda naambiwa faili iko kwa mkubwa. Niandike barua ya kuwakumbusha? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Usiwakumbushe, ndugu, muda wako unakwenda. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kutoa uamuzi, kuanzia siku ilipopokea ombi. Inaweza kuongeza siku zisizozidi 14, mara moja tu, kama rekodi za kupekuliwa ni nyingi au ni lazima ishauriane na wengine. Ikiwa hakuna aliyekuarifu kuhusu nyongeza hiyo na siku 21 zimeisha kimya kimya, kisheria ombi lako limekataliwa. Wengi hapo hukaa wakingoja, kumbe jibu wameshapewa.

Hatua inayofuata ni tume ya CAJ (Commission on Administrative Justice), inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ile iitwayo Ombudsman. Una siku 30 za kuiomba iupitie upya uamuzi huo. Tume inaweza kukuongezea muda, lakini usiutegemee. Hesabu zako zianze siku ya 21 ilipokwisha. Peleka nakala ya ombi, ithibati ya tarehe lilipopokelewa, na maelezo ya nusu ukurasa. Hakuna ada. Tume ina uwezo wa kuwaita maafisa na kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika na amri hiyo ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Usiiruke tume ukakimbilia mahakamani: majaji wamewahi kuzikataa kesi za namna hiyo.

Kinachoyaangusha maombi mengi ni mhuri. Beba nakala mbili, moja ibaki masjala, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe urudi nayo. Ukimwachia karani barua mkononi, huna siku ya kuanzia kuhesabu. Ukituma kwa barua pepe, dai jibu la kuthibitisha kwamba imefika.

La pili ni upana wa ombi. “Nipeni habari zote za zahanati” huzungushwa kutoka idara ya ununuzi hadi fedha hadi kwa mwanasheria, kila mmoja akimngoja mwenzake. Taja jina la mradi, nambari ya zabuni, mwaka wa fedha na hati zenyewe: mkataba uliotiwa saini, hati za malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi. Omba rekodi, usiulize “kwa nini pesa zimepotea”. Ukiandika kwa Kiswahili hakuna wa kukurudisha, maana sheria inakubali Kiswahili na Kiingereza.

Afisa asiyejibu ombi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh50,000 au kufungwa hadi miezi 3, au vyote viwili. Tunashauri usilitaje hilo katika barua ya kwanza. Barua ya vitisho hupelekwa moja kwa moja kwa mwanasheria, na huko ndiko faili hulala.

SWALI: Karani anataka shilingi elfu moja “ya kufungua faili” na nieleze habari ni za nini. Ni sawa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Yote mawili si halali. Kuwasilisha ombi ni bure. Utakacholipia ni gharama halisi ya kunakili na kutuma, basi. Sababu yako haihusiki, hata afisa akiwa na dhana yake kuhusu unachokitafuta. Kinachotakiwa ni uwe raia wa Kenya, kwa hivyo ambatisha nakala ya kitambulisho.

SWALI: Ofisi imesema rekodi ziko wizara nyingine, nianze upya huko. – Msomaji, Voi

JIBU: Huanzi upya. Ni wajibu wao kulihamisha ombi ndani ya siku 5 na kukuarifu ndani ya siku 7, na ofisi inayolipokea inafungwa na zile zile siku 21 tangu ulipoomba mara ya kwanza. Waambie wakuandikie hayo waliyokwambia kwa mdomo. Na kama habari inagusa uhai au uhuru wa mtu, tuseme jamaa amekamatwa na hajulikani aliko, kikomo ni saa 48. Liandike hilo juu kabisa ya barua, na saa uliyoifikisha.