Kijana kagongwa jankshen, mwenye gari ataka "tumalizane" kwa 40,000. Asisaini kwanza

Dada ulouliza kuhusu kijana wa dadako alogongwa na gari likikata kona akiwa kwenye pikipiki, kavunjika mguu, na sasa mwenye gari amekuja wodini na elfu arobaini na karatasi ya kusaini, pole sana. Nimeona wengi hapo juu wamekwambia chukua hela za mkononi kesi zinachelewa. Mimi yalinikuta haya haya pale jankshen ya Gede kwa hivyo nakujibu kwa marefu, nivumilie.

Mimi nlikua na pikipiki yangu natoka Malindi naelekea Mida, mchana kweupe, sina abiria. Pikapu ya kubeba mawe inatoka upande wa Kilifi ikakata kulia kuingia barabara ya Watamu, bila indiketa bila kusubiri, ikanichukua mzima mzima. Muundi wa kuume vipande viwili, wakatia chuma. Siku ya tatu hivi tajiri mwenye pikapu akaja na maembe na hamsini elfu na karatasi, mpole huyo, ati "sisi sote Waislamu tusipelekane kortini." Kidogo nisaini. Alonizuia ni amu yangu, aliuliza swali moja tu, hicho chuma kitatolewa na pesa ya nani?

Ile karatasi, jamani, ndo yenye kazi. Ikiwa imeandikwa umepokea kiasi fulani na huna dai lingine, basi ukienda kortini baadaye wakili wao ataitoa kwenye faili na mwaanza kubishana na saini yako mwenyewe. Akitaka kusaidia na hela ya dawa mpokee mshukuru, mwandikishiane ni ya dawa, usisaini kumaliza madai mguu wenyewe haujajulikana utakuaje.

Sasa wengi hapa wanachanganya kesi mbili. Ile ya trafiki ni ya serikali na dereva, akipigwa faini hiyo faini hata shilingi huioni. Ya fidia unafungua wewe, tena humshtaki dereva peke yake, unamuunganisha na mwenye gari manake dereva alikua kwenye kazi yake, na mwenye gari ndo mwenye bima. Lakini ya trafiki usiipuuze, nenda katoe ushahidi hata kwa magongo, dereva akitiwa hatiani ile hukumu inakubeba sana kwenye kesi yako.

Makaratasi ndo yalonitesa. Kwanza hakikisheni ajali imeingia kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, kisha mfuatilie abstrakti (karatasi ya polisi ya maelezo ya ajali) na P3 (fomu ya polisi ya majeraha, daktari ndo huijaza), na mtu wa nyumbani aende leo leo apige picha ya gari, namba yake, na stika ya bima kwenye kioo, hapo mtapata jina la kampuni na namba ya mkataba wa bima. Halafu mfanye sachi ya gari NTSA, ile mamlaka ya usafiri ya Kenya, muone limesajiliwa kwa jina la nani. Yangu mimi ilitoa jina la mtu wa Mombasa hata simjui, kumbe tajiri alinunua pikapu na hajabadilisha logibuku (kitabu cha umiliki wa gari) miaka yote hiyo! Sheria ya trafiki inamhesabu alosajiliwa kuwa ndo mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, kwa hivyo wakili wangu akawashtaki wote wawili, yule wa Mombasa akaja mbio na karatasi za mauzo kumtaja mwenzake.

Risiti nazo. Korti haikulipi ulichotumia, inakulipa ulichothibitisha. Nlikua nimetumia zaidi ya laki moja, tuktuk za kwenda kliniki, mzee wa kunikanda huko Ganda, dawa za dukani, nikatoka na risiti za 61,300 tu. Na daktari anayeandika ripoti ya kesi mwambieni aandike na gharama ya kutoa chuma, isipodaiwa haitolewi.

Hesabu yenyewe ilikua hivi: laki tano za maumivu, 120,000 za kutoa chuma, na hizo 61,300. Jumla 681,300. Wakanikata asilimia 20 manake nliulizwa na wakili wa bima kama nlikua napita tuktuk karibu na jankshen, na kweli nlikua napita, nikasema ndio. Nikabaki na 545,040. Hiyo ya kugawana makosa ipo, na hapo ndo watamuuliza huyo kijana wako mambo ya helmeti, riflekta, mwendo, na kama alipakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, sheria ni abiria mmoja. Aseme kweli tu. Kukosa leseni ni kosa lake na trafiki, lakini halimpi dereva ruhusa ya kumkatia njia, watu wanaogopa kudai kwa sababu hiyo na si sawa.

Muda ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni mwaka mmoja, wengi hapo ndo huangukia. Na bima ya thadipati, ile ya kulipa watu waloumizwa na gari, kwa mtu mmoja mwisho wake milioni tatu, ikizidi hapo unamdai mwenye gari mwenyewe. Kuna ile korti ya madai madogo, mwisho milioni moja na inatakiwa iishe siku 60, lakini muulize wakili kwanza kama hii yenu inaingia, majaji wametofautiana kwenye kesi za ajali za bima. Yangu mimi ya korti ya kawaida ilikula miaka miwili na kitu, sikufichi. Na kama kijana ameajiriwa kupeleka mizigo ya kampuni, iko pia fidia ya kuumia kazini, sheria ya 2007, mwajiri aambiwe mapema.

Mabroka wa kutafuta kesi watakuja hapo wodini, wengine wanakuja kabla ya nesi. Mtu akikwambia "hulipi kitu, tukishinda tunagawana nusu" muogope, sheria ya mawakili yenyewe haikubali mkataba wa kulipwa mpaka ushinde. Tafuteni wakili mumuone uso, ofisi muijue, jina lake mlitafute kwenye tovuti ya chama cha mawakili, LSK, muone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Na hela ya bima ikitoka muulize imetoka ngapi, kwa maandishi.

Pikipiki nayo ipigweni picha kabla haijakaa sana uani kwa polisi, mimi nliikuta haina betri wala vioo. Abstrakti mkiipata kaisome namba ya gari hapo hapo dirishani kabla hujaondoka, yangu waliandika D mahali pa B, kurekebisha herufi moja wiki tatu.